Barua Niliyoisoma Nusu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumapili, mahindi yamefika kiunoni, na mimi binti wa miaka kumi na saba nimekaa kwenye benchi la nje ya kanisa na barua ya mtu mkononi. Siku hiyo nimeificha karibu miaka sitini. Hata marehemu mume wangu, niliyeishi naye nyumba moja miaka arobaini, aliondoka bila kuijua. Mwaka huu nimeisimulia mara moja, na sasa naisimulia tena, kwa sababu nimeona kwamba mzee akikaa na kosa lake moyoni, vijana wake watalirudia lile lile, wakidhani wao ndio wa kwanza.

Tunaufunga mwaka hapa Ubaruku. Vitalu vya mpunga vimeanza kuchipua, watoto na wajukuu wamekuja kutoka Mbeya na Dar es Salaam, na nyumba imejaa mabegi na viatu. Juzi mmoja wao aliniuliza, "Bibi, mwaka huu umeuonaje?" Nilimwambia asubiri, kwa kuwa jibu langu ni refu. Jibu lenyewe ni hili.

Mimi si mzaliwa wa huku mabondeni. Nimezaliwa milimani, juu ya Ilula, katika baridi ya Kilolo, kabla sijaolewa na Msangu, mtu wa mabonde haya, na kuja kujifunza kuwafukuza ndege mashambani. Jina langu Tabita. Baba yangu aliniacha nisome mpaka darasa la saba, jambo ambalo majirani walimcheka nalo, na nilipomaliza nikawa msichana pekee pale kijijini anayejua kusoma barua bila kukwama. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wanaume wetu wengi walikuwa Tanga, wakikata mkonge kwa mkataba, na barua zao zilifika misheni kwa pamoja, zikagawiwa Jumapili baada ya ibada. Wanawake walikuwa wakinizunguka kama kuku wanaomwagiwa mtama. Huyu ananiletea mayai mawili, yule kibaba cha njegere. Nami nilivimba kichwa, sitakuficha.

Kosa halikuanza na barua ile kubwa. Lilianza na kidogo. Mwanamke mmoja aliandikiwa na mumewe maneno makali, kwamba ni mvivu, kwamba shamba la mtoni limekuwa pori. Nilipomwona yule mama amekaa na mtoto mgongoni, macho yake yamenikodolea, sikuweza. Nikasoma, "Najua kazi ni nyingi, mke wangu. Pole sana. Ukipata nafasi, shamba la mtoni ulitazame." Alilia kwa furaha. Alikwenda akiimba. Mimi nikabaki pale nikijiona mwenye hekima kuliko mchungaji. Mume aliporudi likizo akakuta shamba bado ni pori, wakagombana hadi wazee wakaitwa, na mama wa watu akawa anashangaa tu. Nikajifanya sisikii. Waswahili wamesema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba mwongo mwenyewe huiona ndefu na nyororo.

Sasa, alikuwepo mama mmoja mjane, tukimwita Mama Yeremia kwa jina la mwanawe. Alikuwa na mtoto huyo huyo mmoja. Alisuka vikapu vya milulu, vile vigumu ambavyo Iringa inajulikana kwavyo, na ukipita kwake lazima akuombe umsaidie kuloweka majani hayo. Yeremia alikuwa Tanga mwaka wa tatu. Jumapili hiyo alipewa barua, akaja nayo akiwa ameishika kwa mikono miwili. Akaketi karibu yangu, akatandaza kanga yake vizuri magotini, akasema, "Soma polepole, Tabita. Nataka niisikie sauti yake."

Nikaifungua. Mwandiko haukuwa wa Yeremia. Uliandikwa na mwenzake wa kambini, kijana wa Njombe aitwaye Festo. Salamu mistari miwili. Kisha: "Mama, naomba upokee habari hii ukiwa umekaa. Yeremia alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi Mungu akamchukua. Tumemzika hapa hapa kambini, Wakristo wote tulikuwepo." Macho yangu yalifika hapo yakasimama. Ukurasa ulikuwa umejaa maneno mpaka chini, na nyuma yalikuwapo mengine. Sikuyaona. Nilimsikia tu Mama Yeremia akipumua karibu yangu, na harufu ya moshi katika kanga yake.

Akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anakusalimu sana. Ni mzima. Anasema mvua ni nyingi huko. Atakuja baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno," akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja asali. Akaniuliza kama mwanawe ameuliza habari za kuku wake, kwa sababu Yeremia alipenda sana kuku. Nikasema ndiyo, ameuliza. Akacheka. Akachukua barua, akaikunja, akaiingiza kifuani.

Mwanangu, nilikusudia kumwambia kesho yake. Namwita Mungu shahidi. Lakini kesho yake nilimkuta anawahadithia majirani, na uso wake umeng'aa. Nikasema basi keshokutwa. Keshokutwa ikazaa wiki, wiki ikazaa mwezi. Habari mbaya usipoisema siku ya kwanza, ya pili inakuwa nzito mara mbili, maana sasa una la kusema na la kujibu. Nikaanza kupita njia ya kule kijitoni ili nisikutane naye. Na yeye kila akiniona kwa mbali ananipungia mkono, msomaji wake.

Yakaja mavuno. Akatenga kuku watatu, jogoo na mitetea wawili, hauzi wala hachinji, wa Yeremia hao. Akamfumia sweta. Ikaja harusi ya binti wa jirani yetu, na Mama Yeremia akacheza. Alikuwa mchezaji, mama yule, japo umri umekwenda. Watu wakamtengenezea duara. Mimi nilikuwa nimesimama kando na bakuli la maharage mkononi, nikamtazama akicheza, nikaliweka bakuli chini nikaenda nyuma ya nyumba.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Yeremia hajaja. Mama akataka kumwandikia. Akanitafuta, hakunipata, maana nilikuwa nimekuwa hodari wa kutopatikana. Basi akaichukua barua kifuani, akaenda nayo kwa mwinjilisti wetu, Mzee Nathanaeli, ili amwandikie jibu kwa anwani iliyomo.

Mzee Nathanaeli alikuja nyumbani kwetu mchana. Nilikuwa napukuchua mahindi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akatoa barua.

"Tabita, barua hii uliisoma?"

"Niliisoma, mzee."

"Mpaka wapi?"

Nilitaka kusema mpaka mwisho. Mdomo ukakataa. Nikanyoosha kidole, nikaonyesha mstari. Akautazama huo mstari, akatikisa kichwa, kisha akanisomea yaliyobaki. Festo alikuwa ameandika hivi: "Yeremia ameacha mke, jina lake Mwanahamisi. Ana mimba ya miezi sita. Hana baba wala mama. Anataka kuja kwako azalie huko, ila haijui njia na hana wa kumleta. Tuma mtu, mama. Sisi tutamtunza mpaka mwezi wa saba, ndipo mkataba wetu unaisha na kila mtu anarudi kwao."

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Nilihisi mahindi yananidondoka mapajani, na siwezi kuyashika. Mzee Nathanaeli akasema, "Mjumbe hauawi, binti yangu. Wahenga walilisema hilo ili mjumbe asiogope kufikisha. Wewe uliogopa nini?" Akangoja, nadhani alitaka kweli kujua, kisha akainuka akaenda kumwambia mwenye barua.

Kilio kikaanza siku hiyo hiyo, kilio cha mtu aliyekufa tangu mwanzo wa mwaka. Wanawake walijaa, wameketi chini kwenye mikeka. Mama yangu mzazi alinishika mkono tukaenda. Nilitaka kukaa mlangoni. Mama Yeremia akainua kichwa akauliza, "Msomaji wangu yuko wapi?" Watu wakanipisha. Akanipa barua. "Nisomee," akasema. "Safari hii usiniachie njiani."

Nikasoma. Nikasoma salamu, nikasoma homa, nikasoma kaburi, nikasoma Mwanahamisi na mimba yake na mwezi wa saba. Nikageuza nyuma, nikasoma jina la Festo na anwani ya kambi. Hakuna aliyelia wakati nikisoma. Nilipomaliza, Mama Yeremia akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Nilicheza harusini, Tabita. Mwanangu yuko chini ya udongo, na mimi nacheza. Na wewe ulisimama pale ukaniona nikicheza." Akaichukua barua mkononi mwangu. "Ulidhani unanihurumia. Hapana. Ulijihurumia wewe. Hukutaka kuwa wewe unayeniona nikilia. Mimi nimemzika mume, nimezika watoto wawili kabla ya Yeremia. Nani alikwambia sina kifua?"

Yeye na kaka yake wakasafiri hadi Tanga. Walikaa huko wiki mbili. Kaburi waliliona. Mwanahamisi hawakumwona. Mwanamke mmoja wa kambini aliwaambia kwamba alijifungua salama, mtoto wa kiume, na kwamba kila lilipokuja gari la watu wa bara alikuwa anatoka na mtoto kuangalia kama kuna aliyetumwa. Mwezi wa saba ulipokwisha, akaondoka na watu waliokuwa wanaenda pwani ya kaskazini. Jina la mtoto yule mwanamke hakulikumbuka.

Mama Yeremia aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Nilimwandikia barua nyingi za kumtafuta mjukuu wake, nikazipeleka misheni mwenyewe. Nyingine zilirudi, nyingine hazikurudi. Alinisamehe, au alinizoea, sikuwahi kujua, na sikuthubutu kuuliza. Kila nilipomsomea jambo lolote, hata tangazo la chanjo, aliniuliza mwishoni, "Ndio mwisho?" Nami namwonyesha karatasi, pale maneno yalipoishia. Leo huyo mtoto, kama yu hai, ni mzee wa karibu miaka sitini. Huenda ana wajukuu. Hajui kama kuna mlima ambako bibi yake alimfugia baba yake kuku.

Hiyo ndiyo siku yangu. Sasa nikuambie ya mwaka huu.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini siku hizi hata asiyeishi kwingi anaona mengi, maana dunia yote imo kwenye simu. Mjukuu wangu mmoja ninayekaa naye ananishikia simu asubuhi tukinywa uji, naona vita vya nchi ambazo sijui hata zipo upande gani, naona mafuriko, naona watu wanakimbia na magodoro kichwani kama sisi tunavyokimbia. Vita hivyo usidhani haviji huku. Miaka hii bei ya mbolea ilipopanda tukauliza, tukaambiwa ni vita vya huko mbali, nikajiuliza watu wale tumewakosea nini. Papa wa Wakatoliki alipofariki, mimi Mlutheri wa Ubaruku nilijua kabla uji haujapoa. Nikampigia simu jirani yangu Mkatoliki kumpa pole, kumbe naye keshajua.

Wakati huo huo, mwanangu, mdogo wangu Samweli alikuwa amelazwa Iringa.

Samweli ndiye aliyekuwa amebaki. Tulizaliwa sita, tukabaki wawili, yeye kule Ilula na nyanya zake, mimi huku na mpunga wangu. Mwezi wa tatu niliambiwa anaumwa kifua. Nilitaka kwenda. Mwanangu Elia akasema, "Mama, barabara ni mbovu kwa mvua, subiri kidogo, na presha yako unaijua." Nikasubiri. Kila nikiuliza, naambiwa anaendelea vizuri. Neema, binti wa Elia, ni muuguzi kule Mbeya, na maneno ya muuguzi sisi tunayaamini. "Anaendelea vizuri, Bibi. Anakusalimia." Nikampelekea salamu zangu. Nikavuna mpunga, nikatenga gunia moja, nikasema hili nitampelekea Samweli nikienda.

Mwezi wa nane nilikwenda Chimala sokoni. Kuna mama wa Ilula anayeleta nyanya pale kwa matenga, na mimi hupenda kununua kwake ili tu nisikie Kihehe. Nikamsalimu, "Kamwene." Akaitika, "Kamwene, bibi," akaacha kazi yake, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana na msiba wa mdogo wako," akasema. "Hatukukuona mazikoni. Tukasema labda unaumwa."

Nikamuuliza, "Msiba gani, mama?"

Naye akajua. Niliuona uso wake ukijua. Lakini hakurudi nyuma, Mungu ambariki. Angeweza kusema amenifananisha. Alinivutia kigoda, akanikalisha, akasema, "Mzee Samweli alifariki mwezi wa sita. Tulimzika Jumatano, nyuma ya nyumba yake. Watu walikuwa wengi." Akaacha matenga yake kwa mwenzake, akakaa nami mpaka Elia alipokuja kunichukua. Mama yule hata jina sikuwahi kumuuliza.

Elia alipofika hakuweza kunitazama. Nilimwambia kitu kimoja tu: "Nipeleke Ilula." Kesho yake tukaenda, na Neema akaomba ruhusa kazini akatukuta huko.

Wifi yangu Agnes, mjane wa Samweli, alinipokea mlangoni kwa kilio ambacho tayari kilikuwa kimekauka. Tulipokwisha kulia tukakaa, akaniuliza kama nimepona.

"Nimepona nini?"

"Ugonjwa wako. Alikuulizia siku mbili za mwisho. 'Dada yangu yuko wapi, mbona haji?' Tukamwambia unaumwa, umelazwa, huwezi safari. Ndivyo tulivyoambiwa kutoka kwenu."

Umeona, mwanangu. Mimi niliambiwa yeye anaendelea vizuri. Yeye aliambiwa mimi ninaumwa. Alikufa akinihurumia, na mimi wakati huo nipo shambani nafukuza ndege, mzima kabisa. Kila mmoja alipewa uongo wake, na uongo huo uliosukwa kwa upendo ukatutenga siku tuliyohitajiana.

Niliomba nikae peke yangu kaburini. Majani yalikuwa yameanza kuota juu ya udongo. Baadaye nikasikia hatua, ni Neema. Alipiga magoti, akaanza kulia kwa kwikwi, mtu mzima yule, anayeshika wagonjwa kila siku.

"Bibi, ni mimi niliyewaambia wasikuambie," akasema. "Presha yako ilikuwa juu sana mwezi ule. Niliogopa tutakuzika na wewe. Nilisema tutakuambia baada ya mavuno."

Baada ya mavuno. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya mlimani. Maneno yale yale, mwanangu, kana kwamba nilimwekea mwenyewe kinywani. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, nimekuja nayo maneno kutoka Ubaruku, makali. Yakanikauka. Ningemkemea kwa kinywa gani? Nilimwambia akae chini, na pale, kando ya mdogo wangu, nikamsimulia habari ya Mama Yeremia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilimsimulia yote, na harusi ile, na mtoto yule wa kiume.

Neema akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Bibi, kwa nini hukutuambia mapema?"

Nikamjibu ukweli. Kwamba niliona aibu. Kwamba nilitaka mnione bibi mwenye busara, asiyekuwa na doa. Miaka yote hiyo nimewafundisha msiseme uongo, lakini lile moja ambalo lingewafundisha kweli nililifungia. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yalikuja kweli na sura ya mjukuu wangu, yamevaa sare za uuguzi, yanalia.

Basi nikamwomba msamaha. Naye akaniomba. Ndivyo tulivyopatana, bila mshindi.

Mwaka haukuishia hapo. Ukaja uchaguzi, na zile siku za vurugu ambazo mtandao ulikatika. Wewe unazijua, sina haja ya kukueleza. Simu zikawa mawe. Siku ya pili Elia alikuja kwangu asubuhi, akavua kofia, akakaa. Nikaona anatafuta maneno, na safari hii aliyapata. "Mama, Baraka hatumpati. Tangu juzi. Hatujui yuko wapi, hatujui kama ni mzima." Baraka ni mwanawe wa mwisho, yuko Dar, anajifunza ufundi wa umeme.

Nikameza dawa yangu. Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia. Mlete na mkeo hapa, tusubiri pamoja." Wakaja. Tukapika sufuria moja, tukala kidogo, tukaomba, tukanyamaza, tukaomba tena. Mke wa Elia alikuwa analala miguuni pangu kama mtoto. Sikuwahi kumjua yule mkwe wangu kama nilivyomjua siku zile nne. Siku ya tano simu ikaita, Baraka, yu mzima, alikuwa amejifungia kwa rafiki yake. Elia akanipa simu mimi.

Presha ilipanda, ndiyo. Neema alinipima akanikemea. Lakini sikufa, mwanangu. Habari haiui mzee. Kinachomuua ni kugundua kwamba watu wake walikuwa wanamzunguka kama mgeni. Na sisi tulipata jibu siku ya tano. Wapo kina mama katika nchi hii wanaomaliza mwaka bila jibu. Nikiwaza hao, hata pilau la Krismasi halikushuka vizuri. Kama unajua chochote cha kumwambia mmoja wao, nenda ukamwambie leo.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Ukikabidhiwa habari ya mtu, ujue si yako. Usiipunguze, usiipake sukari, usiilaze mpaka mavuno. Usimpelekee kwa simu kama una miguu, nenda. Mkalishe, mshike mkono, mwambie kwa maneno machache, umfikishe mpaka mwisho wa ukurasa, kwa sababu hujui nyuma yake kumeandikwa nini. Huenda kuna Mwanahamisi anayesubiri. Kisha usiondoke. Hapo ndipo huruma ilipo, katika kukaa naye anapolia. Na ukiona moyo wako unasema, "Namwonea huruma, nisimwambie," uulize moyo huo vizuri: ni yeye unayemhurumia, au ni wewe?

Na kama umekwisha kuficha, maana binadamu tunaficha, kamwambie hata kama umechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kusema, "Ni mimi." Nami nimelisema langu, nikiwa na miaka sabini na zaidi, na usingizi wangu umekuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Mungu aliyewalinda babu zako katika baridi ya milima yetu na katika maji ya mabonde haya, akulinde wewe. Akupe kinywa kisichoogopa na mikono isiyomwachia mtu peke yake. Akuandalie watu watakaokwambia kweli siku utakapoihitaji, na akupe kifua cha kuipokea. Mwaka unaokuja ukukute mzima, nawe uwakute wako wazima. Nenda salama, mwanangu.